Funguo za Stoo

Zilikuwa funguo kumi na moja kiunoni.
Nikitembea zinatangulia kunitaja,
na wapakiaji waliolala juu ya maboksi
wanaamka, wanajifanya wanahesabu.

Sasa ninao mmoja. Wa kabati la mafagio.

Ambakisye alirudi kutoka semina Mbeya
na ndoo ya rangi ya njano.
Akachora sakafu: hapa nyanya, hapa chupa,
hapa mtu, mguu usipite.
Akang'oa rafu zangu. "Mama Odilia,
stoo ni kaburi la hela.
Kitu kifike kinapotakiwa. Si jana, si kesho."
Akaning'iniza kadi ubaoni kwa vibanio vya nguo:
kadi ikirudi, agiza;
isiporudi, nyamaza.

Sikubisha. Mimi mwenyewe niliwahi kuzika.
Mwaka ule Ilula ilipozaa hadi matenga yakaisha
tulinunua zote, tukaambiana akiba haiozi.
Aliyesema hivyo hakuwahi kulima nyanya.
Siku ya nne majimaji yalipenya chini ya mlango,
mekundu, yakashuka hadi barabarani,
na nzi wa Ipogolo yote wakaja msibani.
Nilizoa kwa beleshi siku mbili
khanga nimeifunga puani.

Kwa hiyo kijana nilimwelewa.
Na kweli, kadi zilitii.
Saa mbili honi ya Fuso ya Vitalis getini,
nyanya bado zina umande;
saa nne zinatokota, saa sita zimo chupani,
saa tisa zimekwenda.
Sakafu inabaki tupu, unasikia hata kiatu chako.
Bosi akaja kuupiga picha utupu ule.

Kisha Machi.
Lori la simenti likalala ubavu kwenye kona za Kitonga,
nyuma yake foleni hadi bondeni,
na humo ndani ya foleni
vifuniko vyetu elfu ishirini kutoka Dar,
vimekaa kimya kwenye maboksi
kama wageni rasmi.

Nyanya zilifika. Ilula iko huku juu,
ya Kitonga haiyajui.
Sufuria likachemka, chupa zikajipanga,
vinywa wazi,
na Ambakisye kwenye mstari wake wa njano,
simu sikioni,
akaigeuza kadi mbele na nyuma
utadhani kifuniko kimeandikwa upande wa pili.

Nikaenda kabatini.
Nikasogeza mafagio, nikasogeza turubai.
Mifuko mitatu, nailoni yake haijafunguliwa.
Nikaiburuta mpaka mbele ya kila mtu.

Hakuna aliyepiga makofi.
"Hii haimo kwenye hesabu," akasema.
"Haimo."
"Imekaa tangu lini?"
"Tangu ulipong'oa rafu."
Akatazama sufuria. Akachana mfuko wa kwanza kwa meno.

Tulifunga hadi taa zikawashwa.
Chupa arobaini zikakosa,
tukazigawana, tukaenda nazo nyumbani
tumeziba kwa viganja, tukitembea polepole
kwenye tope, kama watoto wanaobeba mayai.

Asubuhi nikakuta karatasi mbili.
Moja barua ya onyo: kuficha mali ya kiwanda.
Nyingine kadi mpya ubaoni, wino haujakauka:
VIFUNIKO, MIFUKO MITATU. ISIGUSWE.
UFUNGUO KWA ODILIA.

Barua nimeitia kabatini. Nafasi ipo.

Lakini nilimwuliza, kwa nini mitatu?
Akatoa kalamu, akanionyesha hesabu:
wastani wa siku ambazo Kitonga hufungwa,
mara chupa za siku,
akapigia mstari jibu. Nzuri, imenyooka.

Nikamwuliza mwaka wa Elinino alikuwa wapi.

Alikuwa hajazaliwa.